Mwanafunzi na Fumbo la Malenga

Wahenga walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua." Lakini siku hizi wako vijana werevu wanaopasi hesabu na sayansi bila taabu, na wakifika mbele ya shairi la beti tano hukwama. Wakiulizwa wataje tamathali mbili za usemi zilizotumika, huandika upesi: tashbihi na tashihisi, maana orodha wameihifadhi. Wakiulizwa swali linalofuata, yaani malenga alikusudia nini na kwa nini akalisema jambo lake kwa njia hiyo, kalamu husimama.

Makala haya yanamkusudia mwanafunzi wa namna hiyo, na mzazi wake pia. Jambo ninalotaka kulieleza ni moja: tamathali ina kazi. Malenga akiliacha neno la wazi akachukua la kufumba, ana sababu. Mwanafunzi akiijua sababu hiyo, jina la tamathali litamjia lenyewe, na maana ya shairi itakuwa imeshamfungukia. Kwa somo hili mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali. Mashairi ya mji huu yametungwa na watu waliokuwa na mambo mazito ya kusema, mbele ya watu ambao haikuwa salama au haikuwa adabu kuwaambia uso kwa uso.

MAJINA YATOKA CHUONI

Kwanza tuyaondolee hofu majina yenyewe. Tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, nidaa, kinaya: mwanafunzi huyaona kama dawa chungu zilizoandikwa ubaoni. Lakini haya yote ni maneno ya Kiarabu, na mengi ni ya ile elimu ya balagha ambayo masheikh wetu wameisoma na kuisomesha kwa karne nyingi ili kuifahamu Kurani na mashairi ya Waarabu. Mtoto aliyepitia chuoni kabla ya kwenda skuli amekwisha kuyasikia mengi ya maneno hayo au ndugu zake.

Tashbihi ni kufananisha. Aliyeisoma Surat Al-Ankabut anakumbuka jinsi wenye kutegemea walinzi wasiokuwa Mwenyezi Mungu walivyopigiwa mfano wa buibui na nyumba yake. Mfano huo hautaki maelezo marefu: kila mtu amewahi kuuona utando wa buibui na kujua kwamba upepo mdogo wautosha. Hiyo ndiyo kazi ya tashbihi, kulichukua jambo lisiloonekana na kuliweka kando ya kitu ambacho macho yamekizoea.

Sitiari asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Jirani huazima kinu kwa jirani kwa sababu ana mpunga wa kutwanga na hana chombo. Malenga naye huazima jina la kitu kimoja akampa mwengine. Amwitapo mtu simba, jina la simba ameliazima tu, kwa shughuli maalumu. Kwa hivyo mwanafunzi akiiona sitiari asitosheke kusema, "Mtu ameitwa simba." Ajiulize: limeazimwa kwa shughuli gani? Ni ushujaa wa simba unaotakiwa hapa, au ni ukali wake, au ni ile tabia yake ya kula mwanzo wengine wakangoja mabaki? Simba ni mmoja, lakini mashairi matatu yaweza kumwazima kwa kazi tatu.

Kuna neno moja ambalo yafaa mwanafunzi aliyesoma chuoni ajihadhari nalo, nalo ni kinaya. Katika balagha ya Kiarabu kinaya ni kulidokeza jambo kwa kukitaja kinachofuatana nalo. Mfano maarufu wa Waarabu ni kumwita mtu "mwenye majivu mengi," wakikusudia kwamba ni karimu: moto wake hauzimiki, na wageni wake hawaishi. Katika masomo ya skuli zetu za Kenya, neno hilo hutumika zaidi kwa hali iliyo kinyume cha ilivyotarajiwa, kama mvuvi kufa kwa kiu ilhali amezungukwa na maji. Maana zote mbili ni sahihi mahali pake. Katika karatasi ya mtihani aandike ile ya skuli, na akirudi chuoni aitumie ile ya chuoni.

Hata maneno ya umbo la shairi yana picha ndani yake. Beti, asili yake ni nyumba. Mizani ni kile kile cha dukani cha kupimia. Bahari ni aina ya shairi, na pia ni haya maji yaliyokizunguka kisiwa chetu. Waliotangulia waliliona shairi kama nyumba iliyopimwa sawasawa, nayo imejengwa ufuoni.

NYUMBA NA MCHWA

Tuchukue mfano tuufanyie kazi pamoja. Ubeti ufuatao nimeutunga kwa ajili ya makala haya tu:

Nyumba mwaona ukuta, chokaa imetiliwa,
Mlango wametameta, kwa shaba iliyotiwa,
Wapitao wakipita, husema imejaliwa,
Na mchwa hawajasita, boriti ndani zaliwa.

Mwanafunzi aliyezoea kuwinda majina atahangaika. Neno "kama" halimo, kwa hivyo tashbihi hakuna. Nyumba haikuitwa mtu, kwa hivyo sitiari haikutajwa waziwazi. Pengine ataandika kwamba ubeti huu wasimulia habari za nyumba mbovu, kisha ageuze ukurasa.

Sasa aulize lile swali letu: kwa nini mtungaji asiseme wazi? Habari ya nyumba yenye mchwa si siri. Lau shida ilikuwa mchwa wenyewe, angemwita fundi, asingetunga shairi. Kwa hivyo nyumba hii ni kitu chengine. Yaweza kuwa ukoo uliojipamba mbele za watu, na ndani ndugu wanadhulumiana mirathi. Yaweza kuwa chama ambacho viongozi wake hupiga picha nzuri huku hazina ikiliwa. Yaweza kuwa nchi. Mtungaji amenyamaza kwa sababu mwenye nyumba ni mkubwa wake, au ni mtu wa nguvu, au ni rafiki ambaye anatamani arekebishe mambo kabla ya aibu. Fumbo limempa mwenye nyumba nafasi ya kusikia bila ya kuaibishwa, na limempa msemaji nafasi ya kusema bila ya kushikwa.

Hapo ndipo picha zingine zinapoingia mahali pake. Chokaa na shaba ni sura ya nje. Boriti ndizo zilizobeba dari, na watu wanalala chini yake. "Wapitao" ni wale wanaosifu kwa kutazama tu. Mshororo wa nne unaupindua ubeti mzima kwa neno moja, "zaliwa." Picha namna hii, inayoendelea kutoka mshororo hadi mshororo huku kila sehemu ya kitu ikiwa na maana yake, walimu wengi huiita jazanda, na wengine huiita istiara. Asiyejua boriti ni nini hawezi kujua hatari ni kubwa kiasi gani. Hili nitalirudia mbele.

MVITA, MJI WA MAFUMBO

Mombasa haikuanza jana kusema kwa mafumbo. Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy, aliyeishi hapa tangu kiasi cha 1776 hata 1840, aliuona mji huu wakati Mazrui wakiutawala na Seyyid Said akiutaka. Vita na sulhu zilipishana mpaka mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa. Muyaka alikuwa upande wa Mazrui. Alitunga juu ya vita hivyo, juu ya mapenzi, juu ya umasikini, na juu ya wepesi wa watu kugeuka. Wataalamu wamesema kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi misikitini akauleta sokoni, na tungo zake za mishororo minne zikawa ndio mazungumzo ya mji.

Fikiri hali ya mtu kama huyo. Mji mdogo, kila mtu amjua mwenziwe, wapelelezi wa pande zote mbili wamo barazani. Neno likitamkwa Ngomeni asubuhi limeshafika Kibokoni kabla ya adhuhuri. Kumtaja adui kwa jina ni kuanzisha ugomvi ambao huenda ukaishia katika damu. Lakini kutaja chombo kilichotoboka, au mtu aliyebadili dau lake, ni kusema kila kitu bila ya kusema chochote. Anayehusika atajijua. Mwengine atacheka tu na kwenda zake.

Jambo hili halikwisha na Muyaka. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka wa wazi kabisa ulioitwa "Kenya: Twendapi?" akiikosoa serikali ya wakati huo. Waraka huo ulimpeleka gerezani, naye alifungwa tangu 1969 hata 1972. Huko ndani, kwa siri, alitunga mashairi na kuyaandika juu ya karatasi za msalani. Yalipochapishwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki," wasomaji walikuta humo shairi la mamba, na shairi jengine la mabishano ya watu wawili juu ya mnazi mmoja.

Mtoto mdogo akiyasoma ataona mnyama wa mtoni na mti wa shambani. Mtu mzima aliyejua yametungwa wapi, na nani, na kwa nini, aliona mambo mengine: mwenye nguvu ajisifuye kwa ubavu wake bila kukumbuka kwamba naye atakufa, na wenye nchi wanaogombania matunda ya nchi yao. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye mtungaji alifungwa chini ya serikali yake. Waraka wa wazi ulimfunga mwandishi wake, na mashairi ya mafumbo yalimpa tuzo. Mwalimu akitaka kuwaeleza wanafunzi maana ya kinaya cha skuli, hana haja ya kutafuta mfano mwengine.

Basi mwanafunzi akiulizwa kwa nini malenga ametumia jazanda ya mnyama, asijibu kwamba ni kwa ajili ya "kupamba lugha" au "kumvutia msomaji" peke yake. Jibu hilo laweza kuandikwa juu ya shairi lolote duniani, ndiyo maana halimzidishii alama. Aseme jazanda hii imeficha nani, imemficha kwa sababu gani, na sifa ipi ya mnyama huyo inamhusu aliyefichwa.

Lakini asivuke mpaka. Si kila shairi lina mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, alikuwa mgonjwa na alitaka mwanawe afahamu neno kwa neno namna ya kuishi na Mola wake, na mumewe na watu. Mama mwenye kuusia hafumbi wasia. Mwanafunzi atakayeutafuta mfalme ndani ya kila kuku na mapinduzi ndani ya kila mvua atapotea njia kama yule asiyetafuta kitu. Dalili za fumbo ni lazima zipatikane ndani ya shairi lenyewe: jambo la kawaida limesemwa kwa uzito usiolingana nalo, au mnyama amepewa maneno ambayo yanamfaa mtu fulani tu.

SAUTI NAYO INA KAZI

Walimu wengine huzitenganisha tamathali na vina na mizani kana kwamba ni masomo mawili. Kwa malenga wa Mvita ni somo moja. Katika ubeti wetu wa nyumba, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule. Vina vya kati ni "ta" na vya mwisho ni "wa." Sikio likishazoea mwendo huo mistari mitatu ya mwanzo, latulia, kama mtu aliyetulia katika nyumba nzuri. Ule wa nne huja kwa mwendo ule ule, ukiwa umebeba mchwa. Kina ni kile kile na habari ni mbaya, na hapo ndipo mshtuko ulipo.

Vina na mizani vilifanya kazi nyengine kubwa zaidi, ya kuhifadhi. Muyaka alifariki karne moja kabla ya diwani yake kupigwa chapa. Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu, mpaka mwisho wa karne ya 19 ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa hapa Mombasa alizikusanya, akisaidiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens alizichapisha huko Afrika Kusini, na mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz, naye ni mtoto wa Mombasa, akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Maneno ya kawaida yasingedumu muda wote huo. Mtu akisahau neno moja la shairi, kina humwambia limalizike vipi, na mizani humwambia liwe refu kiasi gani.

Takriri nayo ni hivyo hivyo. Malenga akilirudia neno, au akikirudia kibwagizo mwisho wa kila ubeti, usiandike "msisitizo" halafu ukanyamaza. Angalia kama neno hilo lina maana ile ile kila linaporudi. Mara nyingi kibwagizo katika ubeti wa kwanza ni habari, katika wa tatu ni onyo, na katika wa mwisho ni kilio.

MANENO YA NYANYA SI MAKOSA

Sasa tuje kwenye jambo linalowahusu sana watoto wa Mji wa Kale. Katika orodha za skuli kuna kinachoitwa uhuru wa mshairi. Ndani yake mna inkisari, kama "nambie" badala ya "niambie," inayopunguza mizani moja. Na mazida, kama "enenda" badala ya "nenda," inayozidisha moja. Kisha mwanafunzi huambiwa kwamba malenga pia ana uhuru wa kutumia lahaja, na mfano hutolewa: "mato" kwa "macho," "nti" kwa "nchi," "ndia" kwa "njia."

Mtoto wa Mvita hulinakili hilo daftarini kisha hurudi nyumbani, na nyanya yake humwambia, "Mwanangu, tazama ndia." Barabara kubwa ya Mji wa Kale yenyewe yaitwa Ndia Kuu. Haya ni maneno ya Kimvita, lugha ya Muyaka. Ni kweli kwamba mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na sote twakiandika leo bila malalamiko. Hata hivyo haifai mtoto aione lugha ya nyanya yake kama makosa yaliyosamehewa kwa sababu ya ushairi. Malenga wa Mvita akitumia "mato," mara nyengine ametaka kina cha "to." Mizani haikubadilika, kwa kuwa "mato" na "macho" yote ni mizani mbili. Mara nyengine hakutaka chochote ila kusema kama asemavyo kwao. Mtoto wa hapa ndiye anayeweza kuzipambanua hali hizo mbili, na huo ni utajiri wake.

Hata lile neno "zaliwa" katika ubeti wetu, wengi wataliita inkisari ya "zinaliwa." Asili yake ni wakati wa "a," kama "mwaona" na "waja," ambao kwa watu wa pwani ni usemi wa kila siku. Mwenye kuujua huo hatakosea kudhani kwamba boriti zimezaliwa!

Tena nyumbani hakukosi balagha. Leso zinazouzwa Biashara Street, zikiwemo zile za "Mali ya Abdulla" za duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887, kila moja ina jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa upindoni. Mwanamke huichagua leso kwa jina lake kama anavyoichagua kwa rangi. Akimpelekea wifi yake, au akijifunga na kupita mbele ya mlango fulani, amesema alilotaka kusema na mdomo haukufunguka. Kijana aliyekaa na mama yake na mashangazi zake akawasikia wakilizungumza jina la leso, nani kanunuliwa na kwa nini, ameshasoma fumbo, muktadha na dhamira kabla ya kuambiwa na mwalimu.

Na ziko nyimbo. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, aliyezaliwa Kuze mwaka 1936, alitoa diwani ya "Malenga wa Mvita" mwaka 1971, ikihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin. Tungo zake nyingi hazikungoja kusomwa vitabuni, kwa sababu jamaa yake, mwimbaji Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliziimba harusini na katika kanda, na watu wasiowahi kulifungua buku la mashairi walizijua kwa moyo.

VITU VIKIPOTEA, PICHA HUFA

Nilisema kwamba asiyejua boriti hawezi kuijua hatari. Tazama mishororo hii miwili ya tashihisi, yaani kukipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu:

Bandari inauliza, jahazi zangu ziwapi,
Kaskazi yanyamaza, jawabu tulipatepi.

Kila mwanafunzi ataona kwamba bandari haina mdomo wa kuuliza, wala upepo hauna haja ya kunyamaza. Ataandika tashihisi, naye atapata alama yake. Lakini kwa nini kaskazi, pasiwe na kusi? Anayejua habari za Bandari ya Kale atajibu mara moja. Kaskazi, kuanzia kiasi cha Disemba hadi Machi, ndiyo iliyokuwa ikizileta jahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ndiyo iliyokuwa ikizirudisha. Kwa hivyo bandari imemuuliza yule yule aliyekuwa akileta wageni, naye hana la kusema. Lau tungeandika kusi, swali lingekuwa limepelekwa kwa asiyehusika, na uchungu wote ungepotea.

Mambo kama haya yalimshughulisha marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa upande wa Lamu aliyeishi Mombasa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2017. Alitunga "Sambo ya Kiwandeo," iliyochapishwa mwaka 1979, juu ya ujenzi wa jahazi, na "Umbuji wa Mnazi," uliochapishwa mwaka 1985, juu ya mnazi na vyote vinavyotokana nao. Aliona kwamba maneno ya vyombo na ya minazi yanaondoka pamoja na wazee wenye kuyajua, akayafunga ndani ya vina na mizani ili yasipotee.

Hapo ndipo ilipo hasara kubwa kuliko alama za mtihani. Mtoto ambaye hakuwahi kuambiwa foromali ni nini, demani ni wakati gani, au kumbi hutumika kwa nini, atayasoma mashairi ya babu zake kama yaliyoandikwa na wageni. Jina la tamathali atalijua, ila kitu kilichotajwa hatakiona.

MASWALI MATATU

Kwa hivyo namshauri mwanafunzi, akilichukua shairi, aanze na maswali matatu kabla hajaandika jina lolote la Kiarabu. La kwanza: ni kitu gani hasa kinachoonekana, kinachosikika au kinachoguswa hapa? Akichore kichwani mpaka kikamilike. La pili: kwa nini kimechaguliwa hiki na kikaachwa chengine? La tatu: neno hili lingesemwa wazi, nani angekasirika, nani angeaibika, au ni nini kingepungua? Akishayajibu hayo, jina la tamathali aliandike kwa ujasiri, na baada ya jina aandike kazi yake katika sentensi moja au mbili, akitaja maneno ya shairi lenyewe.

Kwa wazazi ombi langu ni dogo. Mtoto akirudi kutoka skuli na daftari la ushairi, msimwambie kwamba mambo hayo ni ya mwalimu. Msomesheni jina la leso mliyojifunga. Mpitisheni Bandari ya Kale, mumwonyeshe mlingoti na tanga. Akiwapo mzee anayejua mashairi ya zamani kwa moyo, mkalisheni mtoto mbele yake baada ya swala ya alasiri, amuulize yule mzee shairi hilo lilitungiwa nani, na mtu huyo alipolisikia alifanya nini. Vitabu vya skuli vitamfundisha mtoto kwamba kuna kitu kinachoitwa fumbo. Habari za watu waliofumbiwa ziko majumbani mwetu, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka.